Sarafu Saba za Mama Chiriku

Maneno yale yaliingia pamoja na kapu la mashuka. Msusi wa mtaa wa pili alilitua kapu kwenye meza ya kupigia pasi, akafuta jasho, akasema, "Umesikia lakini, Mama Chiriku? Hawa wanaozunguka na mashine kutafuta sarafu za zamani, mmoja kalipukiwa kule machimbo ya kokoto. Kachimba akidhani kapata pesa, kumbe bomu la vita vya zamani. Vidole vitatu hana."

"Nani huyo?"

"Jina silijui. Ila ni kweli tupu, kaniambia mteja wangu."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufika Jumatano vidole vimeshakuwa mkono mzima, na muuza mkaa akaongeza jicho. Jina bado hakuna anayelijua. Mama Chiriku alikuwa dobi kwa miaka ishirini, na alijua kuna doa linalotoka kwa maji baridi na kuna doa linalong'ang'ania mpaka kitambaa kichakae. Uvumi ule ulikuwa wa namna ya pili. Alikunja shati, ukamjia. Alipuliza makaa ya pasi, ukamjia.

Sababu ni kwamba binti yake wa pekee alikuwa mmoja wa hao wenye mashine. Siku za kazi aliuza vipuri vya magari, anahesabu nati na boliti tangu asubuhi mpaka jioni. Jumamosi alivaa hedifoni, akashika ile mashine yenye sahani chini mfano wa mfuniko wa sufuria, akaenda na wenzake watano, wakiongozwa na Mwalimu mmoja mstaafu, kuipitisha juu ya ardhi. Ikilia, wanachimba. Mara nyingi ni msumari au kizibo cha soda. Mara mojamoja ni sarafu ya zamani, yenye tundu katikati. Tangu utotoni alikuwa haishiwi maneno, ndiyo maana wakamwita Chiriku, na kila Jumamosi jioni alimsimulia mama yake kila msumari, ulivyolia na ulivyolala.

Jumatano hiyo wakila, mama akauliza kama mtu asiyejali, "Jumamosi hii mnaelekea wapi?"

"Machimbo ya kokoto, mama. Mwalimu amesema huenda..."

Mama hakusikia Mwalimu amesema nini. Angeuliza swali moja tu la pili, mwaishia wapi huko machimboni, nani amewaruhusu, hadithi hii isingekuwepo. Hakuuliza. Aliogopa jibu, akaona afadhali atumie akili.

Akili yenyewe ilikuwa hii. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kiwanja kitupu ambapo zamani lilisimama ghala la pamba. Mwenye kiwanja alishampa Chiriku ruhusa. Chiriku akapapima kwa mashine mara moja, akapata misumari, akapaacha. Sasa kama pale pangetokea sarafu, nani angehangaika na machimbo?

Alhamisi alikwenda kwa fundi saa, ambaye alikuwa na kopo la sarafu kuukuu hata yeye mwenyewe hajui za nini. "Nichagulie saba," mama akasema, "nami nitakufulia mashati yako yote ya mwezi huu."

"Mama Chiriku, nawe umeanza ugonjwa wa mwanao?"

"Nichagulie, baba, acha maneno."

Zilikuwa chafu, nyeusi, zingine zimeota kutu ya kijani. Na hapa ndipo mkono wa dobi ulipomponza. Yeye hajapata kumrudishia mtu kitu kichafu maishani mwake. Akaona aibu mwanawe akaokote uchafu ule. Akakata limau, akachukua chumvi na stilwaya ya kusugulia masufuria, akazisugua moja moja mpaka zikawaka. Kisha akabeba kapu la nguo kama anayekwenda kuanika, akazizika kiwanjani kwa mwiko wa chakula, akaukanyagakanyaga udongo.

Jumamosi asubuhi akasema, "Mwanangu, kabla hujaenda huko, hebu anzia hapa nyuma. Nimepaota."

"Umepaota?" Chiriku akacheka. "Mama nawe! Haya, dakika kumi tu, kwa heshima ya ndoto yako."

Dakika kumi zikawa saa tatu nzima. Alipopata ya kwanza alipiga kelele, ya nne akatupa hedifoni, ya saba akaja mbio akamnyanyua mama yake juujuu na povu la sabuni mikononi. "Saba, mama! Saba mahali pamoja! Mtu alificha akiba yake hapa!" Machimbo yakasahaulika. Akawapigia wenzake waende bila yeye. Mama akala chakula cha mchana vizuri, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumapili walikuja kuziona. Alikuja yule Mwalimu, anayetunza daftari la kila kitu kilichopatikana, na fundi baiskeli waliyemwita Breki kwa sababu mdomo wake haukuwa nayo. Sarafu zilipangwa juu ya kitambaa cheupe. Mwalimu akatoa lenzi mfukoni, akaangalia ya kwanza. Akaangalia ya pili. Akarudi kwa ya kwanza.

"Umeziosha?"

"Mimi, Mwalimu? Wewe si ndiye uliyenifundisha kwamba sarafu haioshwi? Nimezipangusa udongo kwa kidole, basi."

"Basi zilisuguliwa kabla hazijaingia ardhini. Mikwaruzo hii ni mipya. Hazijalala chini hata wiki."

"Labda mchwa wa huku wana stilwaya," Breki akasema, akacheka peke yake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: ni mimi. Maneno mawili tu.

"Chiriku," Mwalimu akasema taratibu, "kama ulitaka sifa, ungesubiri. Ile sarafu yako ya fedha ya mwaka jana ilikuwa inakwenda maonyesho ya maktaba Jumamosi, na kadi yenye jina lako. Sasa nitajuaje kama na ile hukuizika mwenyewe?" Akafunga daftari. Chai hawakunywa.

Maneno mawili yakabaki mdomoni.

Jumatatu Chiriku alitoka kazini, akala, akaosha sahani yake. Jumanne vilevile. Mashine ilisimama nyuma ya mlango, hedifoni zimening'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nyumba ilikuwa kimya hata saa ya ukutani ikasikika, saa ambayo mama alidhani imekufa zamani. Jumatano akasema, macho yamevimba, "Mama, kuna mtu kanifanyia hivi. Kuna mtu ananichukia kiasi hicho."

Hapo mama angeweza. Badala yake akasema, "Watu wana wivu, mwanangu. Yule Breki, si uliona alivyocheka?"

Akajisikia akiyasema, kama mtu anayeona pasi inaunguza na mkono hauinuki. Na kweli kesho yake aliunguza shati la watu, mgongoni kabisa, alama ya pasi nzima. Ijumaa Chiriku akasema amepata mnunuzi wa mashine, atakuja Jumapili. Hakulia aliposema.

Jumamosi mama akavaa gauni lake la kwendea msibani, akaenda maktaba. Walikuwa wanapanga meza. Aliikuta nafasi tupu katikati ya sarafu za wengine, upana wa kadi.

"Mwalimu," akasema, bado amesimama mlangoni, "zile saba nilizizika mimi. Nilizisugua kwa limau. Mwanangu hajui kitu."

Watu waliacha walichokuwa wakifanya. Akaeleza yote, msusi, bomu, vidole, jicho, fundi saa. Breki akauliza, "Na pasi hukuzipiga, mama?" Mtu mmoja akacheka. Mama akamgeukia. "Nawe nakuomba radhi, baba. Nilimwambia ni wewe." Breki akamvutia kiti.

Mwalimu alivua miwani. "Mama Chiriku, sisi machimboni hatuingii. Tulipewa uwanja wa nje, walipokuwa wakilala vibarua. Wakaguzi wa serikali walishapapita pote. Barua ya kuomba ruhusa aliiandika binti yako mwenyewe. Huyo wa vidole nilishamuulizia kote, hayupo. Ungeuliza tu."

"Ningeuliza," mama akasema.

Sarafu ya fedha ilirudishwa mezani na kadi yake. Chiriku aliitwa, akaja. Mwalimu akamwomba msamaha mbele ya watu, naye akaupokea kwa adabu. Njia nzima ya kurudi alitembea upande wa pili wa barabara. Walipofika mlangoni ndipo aliposema.

"Uliniona nalia."

"Nilikuona."

"Siku sita, mama. Na ukanipa Breki nimchukie."

Mama akafungua mlango, akampisha apite.

Mashine haikuuzwa. Jumamosi Chiriku anatoka nayo kama zamani. Anaamkia, anaaga, anarudi, anakula. Mama akimuuliza, "Leo wapi, mwanangu?" anajibu, "Huko huko tu, mama." Huko wapi, hasemi. Zamani mama alijua kila shimo ambalo mwanawe amechimba, hata urefu wa msumari. Sasa hajui hata upande aliokwenda, na hilo kajitakia mwenyewe. Jumamosi nzima anapiga pasi karibu na dirisha.

Kwa hiyo, wewe mama au baba mwenye mtoto anayepata raha yake mahali unapopaogopa, haya uyaepuke:

Usichukue habari isiyo na jina la mtu ukaifanya habari ya mwanao.

Usiogope kuuliza swali la pili.

Usimruhusu achimbe mahali ambapo mwenye eneo hajaruhusu, wala ardhi ambayo haijakaguliwa. Hilo mwambie wazi, mdomo kwa sikio.

Chuma kikubwa kisichojulikana kisiguswe, kisigongwe, kisibebwe nyumbani. Waondoke, waite polisi.

Shimo lisiachwe wazi.

Sarafu ya zamani isioshwe. Si kwa limau, si kwa sabuni, si kwa stilwaya.

Usizike kitu ili mwanao akifukue.

Usimtwishe mtu mwingine kosa lako, hata kama ana mdomo.

Ukiwa na maneno mawili ya kusema, usiyalaze.

Na akirudi na udongo kwenye viatu, usikimbilie kuvisafisha kabla hajakaa akakusimulia.