Upepo Uliogeuka

Jumapili ya kwanza baada ya kimbunga tuliabudu bila paa. Mabati ya kanisa letu la Moravian yalikuwa yamekwama juu ya minazi, na pwani yote ya kwetu sisi Wamiskito ilinuka matope. Wifi yangu Waldina aliketi kando yangu, amevaa viatu vya kuazima. Mumewe, kaka yangu Otis, tulikuwa tumemzika Alhamisi. Nyumba ilimwangukia akiwa ameushikilia mlango wazi kwa mgongo wake ili watoto watoke.

Ulipofika wakati wa ushuhuda, aliinuka Nerlin, jirani wa Waldina, kilemba cheupe kichwani.

"Bwana asifiwe! Upepo ulipofika kwangu niliukemea. Nikauambia, geuka kwa jina la Yesu! Ukageuka. Hata sahani moja haikuvunjika. Jamani, Mungu ananipenda!"

Wachache wakaitikia amina. Mimi nilihisi damu inanichemka. Waldina alikuwa ameshasimama.

"Ukageuka ukaenda wapi, Nerlin?"

"Dada yangu, mimi nilikuwa na maana..."

"Nakuuliza! Kati ya kwako na kwangu kuna mshelisheli mmoja tu. Ukageuka ukaenda wapi?"

Shemasi Hodgson akaja mbio, akamshika Waldina kiwiko.

"Kaa chini, mama. Tuko mbele za Bwana."

"Niachie! Huyo huyo Bwana ndiye ninayemtafuta."

Akajinasua, akaenda mpaka kwenye meza ya Bwana, akainua uso kuelekea pale palipokuwa na dari.

"Wewe! Otis alikuita. Nilimsikia kwa masikio yangu, mlango uko mgongoni, anakuita. Nguvu zako ulikuwa umempa nani siku ile? Wenye sahani? Kama hunipendi niambie mwenyewe, usinitumie watu!"

Akaipiga meza kwa ngumi. Mama mmoja akaanza kuwatoa watoto wake nje. Shemasi akamtazama mchungaji Saballos, akingoja amri.

"Mwache," mchungaji akasema. "Anaongea na Baba yake."

Kisha akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, nasi tukapiga, kila mtu akaomba kwa sauti yake kama desturi yetu. Mimi sikuomba. Nilikuwa nakikodolea macho kile kilemba cheupe, natamani kukichana. Juu ya sauti zote nilimsikia Waldina akigomba, akidai, akirudia jina la mumewe, mpaka sauti ikamkauka. Akalaza paji la uso juu ya meza, akatulia. Wimbo ulipoanza hakuimba. Ubeti wa tatu nikaisikia sauti yake ya pili, imepasuka, lakini iko.

Baadaye aliniambia, "Wifi, nilimsema mpaka maneno yakaniisha. Nikadhani ataniacha. Hakuniacha. Hakunijibu pia. Ila nilijua anamlilia Otis kuliko ninavyomlilia mimi, na mikono inayoishika bahari hii yote imemshika yeye. Hapo nikapumua."

Ibada ilipokwisha, Nerlin alimngojea Waldina mlangoni, macho mekundu.

"Nisamehe, jirani. Sikukemea kitu. Nilikuwa chini ya kitanda nalia kama mtoto."

"Basi Jumapili ijayo yaseme hayo mbele ya watu."

"Nitasema."

"Na Mungu usimsingizie tena."

Na kweli Nerlin aliyasema, Jumapili iliyofuata. Waldina alimsikiliza, akamsogezea nafasi kwenye benchi. Alikuwa bado mkali. Mabati ya msaada yalipochelewa, maofisa wote waliijua sauti yake. Lakini usiku alilala, na asubuhi nilimsikia akiimba huku akiponda ndizi za uji wa watoto.

Mimi ilinichukua mpaka Pasaka kumsalimia Nerlin.