Zamu ya Mtoto

Kwao walimwita Kengele, na wala si kwa kumsifia. Alikuwa mwalimu wa kwaya mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Alipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea jinsi mila za watu zinavyoijenga ibada yao, mama yake alimpa usia mmoja tu: "Mwanangu, huko kasikilize. Kuimba tumeshakusikia."

Usharika aliouchagua ulisali ghorofani, juu ya karakana ya baiskeli, kwenye chumba chenye mabenchi ya mbao na harufu ya grisi iliyopanda ngazi bila kukaribishwa. Hapakuwa na kinanda wala ngoma, wala hata makofi. Watu waliimba kidogo, kisha wakanyamaza kirefu. Kengele alifurahi kama aliyeokota dhahabu njiani. Kimya cha namna ile hakuwahi kukiona kanisani tangu azaliwe!

Lakini mzee wa kanisa, fundi saa asiyependa maneno mengi, alimweleza wazi. "Jumapili hii keti nasi. Baada ya ibada tutaamua kama utaendelea kuja. Tumechoka na wageni wanaotutazama kama maonyesho."

Wakimkataa, masomo yake yangekufa kabla hayajazaliwa.

Jumapili hiyo kulikuwa na ubatizo. Bibi wa mtoto alisimama mbele amembeba mjukuu, maji yakamiminwa, mtoto akafumbua macho, na chumba kizima kikatulia tuli. Kengele akajibana. Akauma mdomo, akakunja vidole ndani ya viatu. Wapi! Mazoea yana taabu. Kigelegele kikamponyoka, kirefu, cha kutosha harusi mbili.

Hakuna aliyegeuka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mwenyeji wake, mama mshonaji aliyeketi kando yake, akamnong'oneza, "Jamani, dada! Hapa tunanyamaza mpaka mtoto mwenyewe atoe sauti. Ndiyo salamu yake ya kwanza kanisani. Umemchukulia zamu."

Kengele alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo akasimama. "Nimekosa, nisameheni. Kwetu mtoto akipokelewa halafu ukae kimya, watasema una kinyongo naye."

Fundi saa akamtazama bibi. Bibi akamtazama mtoto, ambaye hakuonekana kujali lolote.

"Bado hajasema kitu," bibi akasema. "Basi tunyamaze upya."

Wakanyamaza. Safari hii Kengele aliwaangalia vizuri. Watu walikuwa wamesogea hadi ukingoni mwa mabenchi. Mshonaji alikuwa ameshika pumzi. Fundi saa, yule yule mkavu, alikuwa amenyoosha shingo na midomo imeachama, anasubiri. Kumbe walikuwa na shangwe tele, ila waliifungia kifuani ili mtoto apate nafasi! Kengele naye akasogea ukingoni. Moyo ulimdunda kama siku kwaya yake inapokaribia kuitwa jukwaani, na alikuwa na furaha mpaka machozi yakamlenga.

Mtoto akapiga chafya.

Watu wote wakasimama kwa pamoja, nyuso zimechanua. Bibi akamgeukia Kengele na kumpa ishara ya kidevu: sasa. Kengele akafungua mdomo, lakini koo lilikuwa limejaa kilio na sauti ikagoma kutoka. Bibi akangoja kidogo. Alipoona hapati msaada, akatoa ulimi na kujaribu mwenyewe. Kikatoka kitu cha ajabu, kama kuku aliyekanyagwa mkia. Mabenchi yote yakacheka, na bibi akacheka kuwashinda.

Fundi saa pekee hakucheka. Alimsogelea Kengele na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Amekosea?"

"Kidogo," Kengele akajibu, akifuta machozi.

"Basi Jumapili ijayo uwahi, umfundishe."