Usingizi wa Mama Pindo

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Suruali ikitoka mikononi mwake, hata ukiigeuza ndani nje huoni uzi uliokwenda upogo. Alikuwa na kibanda chake cha ushonaji miaka kumi na minane: vyerehani vitatu, meza ya kukatia, na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kumwambia ampe mtu mwingine kazi yake.

Halafu baridi yabisi ikamshika. Ilianza kwenye vidole, ikaenda viwikoni na magotini, ikafika mpaka kwenye taya. Asubuhi ilimchukua saa nzima kabla vidole havijakubali kufunga kifungo cha blauzi. Daktari wa viungo alimweleza kwamba kinga ya mwili wake imemgeuka, badala ya kumlinda inamshambulia, akamwandikia dawa. Dawa zilifanya kazi. Uvimbe ulishuka, vipimo vya damu vikatulia. Kilichogoma kuondoka ni uchovu. Alikuwa akiamka amechoka kuliko alivyolala, kichwa kinamgonga, mdomo umekauka. Mchana alisinzia juu ya meza ya kukatia, mkasi mkononi, shavu juu ya kitambaa cha watu. Kila alipolalamika kliniki, aliambiwa ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo. Akaamini.

Mumewe, fundi wa friji, ndiye aliyetoa wazo la kumwita mdogo wa mkewe, yule wa mwisho ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda.

"Wiki mbili tatu tu," alisema. "Upate kupumzika."

Kitinda alikuja na begi moja. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, vidole vyake vyembamba vinapita kwenye kitambaa kama maji. Akalala kwenye kochi sebuleni, upande wa pili wa ukuta wa mbao wa chumba cha dada yake. Alfajiri alikuwa akifumbua macho mara moja tu, tayari anacheka, tayari anafagia. Mama Pindo, akiwa amekaa kitandani anavisubiri vidole vyake, alizisikiliza hatua zile nyepesi na roho ikamuuma. Hakuonea wivu ujana wala sura. Aliuonea wivu usingizi ule. Mtu analalaje kwenye kochi lililobonyea, anaamka kama aliyezaliwa upya?

Wiki mbili zikawa miezi miwili. Kitinda alimaliza viporo vyote vya nguo kabatini, na wateja wakaanza kuja wakichungulia juu ya bega la Mama Pindo.

"Yule binti yupo?" aliuliza siku moja mwalimu wa shule ya msingi, mteja wa miaka mingi. "Nilitaka anikatie yeye. Wewe pumzika, mama, usijisumbue."

Usijisumbue! Mama Pindo alitabasamu kwa meno. Mwalimu alipoondoka, aliukunja mkanda wa vipimo, akaukunjua, akaukunja tena.

Na nyumbani kulikuwa na jambo jingine. Mumewe na Kitinda walikuwa wakinong'ona. Akiingia jikoni, wananyamaza. Mmoja anashika sufuria isiyohitaji kushikwa, mwingine anaulizia chumvi. Mara moja alimsikia Kitinda akisema, "Shemeji, hatuwezi kuendelea kumficha," na mumewe akijibu, "Unamjua dada yako. Ngoja kwanza."

Ngoja kwanza! Tangu siku hiyo alianza kuhesabu vicheko. Mumewe akicheka mara mbili mezani, vicheko hivyo ni vya nani? Alitazama nani anapakuliwa kwanza, nani anaulizwa amechoka. Alijitazama kwenye kioo cha kibanda, uso umejaa kwa dawa, taya limerudi nyuma, macho mekundu, akamwona Kitinda nyuma yake akipiga pasi, na akajisemea kwamba hata yeye angekuwa mwanamume angejua achague nani.

Wivu ulimfanya atende jambo baya. Kitinda alikuwa amemaliza gauni la mwalimu, zipu ya mgongoni imelala sawasawa, haionekani. Jioni ile, Kitinda alipotoka kununua uzi, Mama Pindo alilichukua gauni, akaifumua zipu, akaishona upya kwa vidole vyake vilivyovimba. Ilitoka imepinda kama mkia wa mbwa. Kesho yake mwalimu alipolijaribu gauni, zipu ikakwama katikati ya mgongo.

"Vijana wa siku hizi wana haraka," Mama Pindo alisema. "Nimemwambia atulize mkono."

Kitinda aliitazama zipu, akamtazama dada yake, uso umemshuka. "Mimi sikuishona hivi," alisema kwa sauti ndogo. Lakini nyuzi zilikuwa pale, na yeye mwenyewe akaanza kutilia shaka mikono yake. Mama Pindo alijisikia vizuri kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Siku tatu baadaye, saa sita mchana, kibanda kilijaa. Mwalimu alikuja kuchukua gauni lililorekebishwa, na dada wawili waliokuwa wakishonesha sare za kwaya walikuwa mbele ya kioo. Simu ya Kitinda ilikuwa juu ya meza ya kukatia. Ndiyo waliyotumia kupigia picha mitindo, kwa hiyo kila mtu pale alijua kuifungua. Kitinda alikuwa nyuma ya pazia akimpima mteja kiuno. Simu ikatetemeka. Mama Pindo akaangalia.

Ujumbe ulitoka kwa mumewe. "Nimepata ya jana. Nimeisikiliza peke yangu, sikuweza kumaliza. Leo lazima tuamue."

Juu yake kulikuwa na maneno ya Kitinda, "Shemeji, sikiliza ukiwa peke yako. Usimwambie dada bado," na chini ya maneno hayo sauti iliyorekodiwa.

Alisimama akashika ukingo wa meza. Na kama kwamba ilipangwa, mumewe akatokea mlangoni na pasi aliyokwenda kuitengeneza.

"Vizuri umefika," Mama Pindo alisema. "Kitinda, toka huko nyuma! Njooni nyote. Mwalimu, na wewe sikiliza. Nataka mashahidi."

"Mama, kuna nini?" mumewe aliuliza. Kisha akaiona simu mkononi mwake. "Hapana. Usiicheze hapa. Nakuomba."

"Naam! Unaniomba!" Akapandisha sauti ya simu mpaka mwisho, akabonyeza.

Kwanza ulitoka mkoromo mzito, wa kukwaruza, kama mtu anayeburuta meza kwenye sakafu. Dada mmoja wa kwaya akacheka, akajiziba mdomo. Mkoromo ukaendelea, ukapanda, ukakatika ghafla. Kimya.

"Imekwisha?" mwalimu aliuliza.

Haikuwa imekwisha. Namba za sekunde zilikuwa zinakimbia kwenye kioo cha simu. Kumi. Ishirini. Hakuna pumzi, hakuna mkwaruzo wa shuka. Thelathini. Waliokuwa kibandani wakajikuta nao wamebana pumzi. Kisha ikaja sauti ya mtu anayekabwa, akapaliwa, akavuta hewa kama anayetoka chini ya maji, na mkoromo ukaanza upya. Kwenye sauti ile Kitinda akasikika akinong'ona kutoka upande wa pili wa ukuta, "Thelathini na nane. Hii ya tisa tangu nianze kuhesabu." Kwa mbali kidogo, sauti ya mumewe, iliyojaa hofu, "Geuka, mama. Geuka upumue."

Mama Pindo alijua ni nani aliyekuwa anakabwa. Hakuhitaji kuambiwa.

"Huyo ni nani?" aliuliza dada wa pili wa kwaya, na mwenzake akamfinya.

Mumewe aliweka pasi chini. "Ulitaka wasikie nini?" aliuliza, hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwaka juzi nilikwambia unakoroma, ukaninunia wiki nzima. Ningekwambiaje kwamba unaacha kupumua? Tulitaka kumpelekea daktari kitu cha kusikia."

Kitinda alikuwa ameelewa alichokuwa anashukiwa. Alivua mkanda wa vipimo shingoni, akauweka juu ya cherehani, akatoka. Jioni begi lake halikuwepo. Alikwenda kukaa kwa shangazi yao.

Daktari wa viungo alisikiliza ile sauti mara mbili, kalamu mkononi, haandiki.

"Miaka sita nakutibu," alisema, "nakuuliza vidole, nakuuliza magoti. Sijawahi kukuuliza unalalaje. Samahani, mama. Kila uchovu wako niliubebesha baridi yabisi."

Alimweleza kwa lugha rahisi. Akilala, njia ya hewa kooni inajifunga, ubongo unamshtua ili avute pumzi, naye halali usingizi wa kushiba hata kidogo. Taya lililoliwa na ugonjwa lilikuwa limerudi nyuma na kubana koo, na unene alioupata karibuni ulizidisha. Alipewa kifaa cha kuvaa kidoleni na puani usiku mmoja. Majibu yalisema anaacha kupumua mara thelathini na nne kwa saa.

"Kwa hiyo si uvivu," Mama Pindo alisema.

"Nani alikwambia ni uvivu?"

Alikuwa akijiambia mwenyewe, kila siku, akimtazama mdogo wake akifagia.

Mashine ya kusukuma hewa aliipata baada ya wiki tano za kusubiri zamu. Ilikuwa na bomba na barakoa ya kufunga kichwani, na vibanio vidogo ambavyo vidole vyake havikuviweza. Siku nne za kwanza aliivua, akalia, akasema bora afe kama mtu kuliko kulala kama tembo. Siku ya tano aliikata mikanda ile, akaishona upya na vitanzi vipana vya kuingiza kidole gumba. Hakumwomba mtu. Baada ya siku kumi aliamka, akakaa kitandani akisubiri maumivu ya kichwa, hayakuja. Vidole vilikuwa vigumu vilevile. Magoti yaleyale. Lakini kichwa kilikuwa chepesi, na aliweza kufikiri, na jambo la kwanza alilolifikiria ni zipu.

Alikwenda kwa shangazi Jumamosi. Kitinda alimkaribisha kiti kama mgeni.

"Ile zipu niliifumua mimi," Mama Pindo alisema kabla hajakaa. "Uliishona vizuri. Niliipindisha mimi."

"Nililia kwa zipu ile, dada. Wiki nzima nikajifunza zipu kwenye vitambaa chakavu, nikidhani sijui kazi." Kitinda akafuta macho kwa hasira. "Lile la shemeji nilishalisamehe, ulikuwa mgonjwa. Hili la zipu bado. Usinilazimishe leo."

"Sikulazimishi."

Hakurudi kibandani. Alipata nafasi kwenye karakana moja ya nguo upande wa pili wa mji, na mwalimu akamfuata huko, na dada wa kwaya wakamfuata mwalimu. Mama Pindo alipozipata habari hizo ziliuma, na aliacha ziume. Alimwajiri mama mmoja mtu mzima wa kushona, yeye akabaki na kukata, kazi ambayo mkasi mpana na mchana usio na usingizi vilimwezesha kuifanya.

Miezi mitatu ilipita bila Kitinda kupiga simu. Kisha akapiga, asubuhi, kelele za vyerehani nyuma yake.

"Dada, nina koti la kitambaa kizito, kola inanivimba. Unaifanyaje ilale?"

Mama Pindo alikaa chini. Alimweleza yote, mkato, mvuke, mishono ya ndani, isipokuwa jambo moja dogo ambalo hakuwahi kumfundisha mtu. Wakaagana. Alichanganya chai yake, akanywa funda mbili, akatazama mikono yake. Kisha akaichukua simu tena.

"Kitinda? Usikate bado kile kitambaa cha ndani. Kuna kitu sijakwambia."