Kiti cha Pembeni

Roscoe Tolliver alikuwa hajaendesha gari barabarani kwa miezi kumi na tisa, tangu askari walipomsimamisha mtaani kwake Memphis, wakamlaza kifudifudi juu ya lami mbele ya mkewe, kisha wakasema walikuwa wakimtafuta mtu mwingine. Hata samahani hawakuitoa. Sasa bintiye alikuwa amejifungua huko Nashville, mtoto anabatizwa Jumapili, na babu mtu ameapa atafika akiendesha mwenyewe au asifike kabisa. Ukaidi nao ni maradhi.

Kila Jumanne mshauri wake wa kisaikolojia, Leotis Pruitt, mweusi kama yeye, alikaa naye garini kwenye uwanja wa kanisa. Wiki za kwanza hata injini hawakuwasha. Walizungumza tu, wakila karanga za kuchemsha. Kabla ya yote Roscoe alipanga leseni na karatasi za gari juu ya dashibodi, zionekane, asije akalazimika kutia mkono mfukoni, askari akadhani anatoa bastola. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake.

Jumanne ya mwisho kabla ya ubatizo waliingia barabarani, Roscoe akiendesha. Hawajamaliza mitaa mitatu, gari la polisi likatokea nyuma yao. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Roscoe akasogea pembeni, akazima injini, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Askari alikuwa na hamsini zake, akawapita.

"Basi, turudi," Roscoe alisema. "Nimeharibika, kaka. Mwanamume mzima naogopa gari linalopita."

Roscoe akageuka, akaona mikono ya mshauri wake imelala juu ya dashibodi, inatetemeka kuliko yake.

"Na wewe?"

"Mwaka wa ishirini na mbili huu tangu yanipate kama yako. Ulidhani shahada zinaponya?"

"Na ndiwe unayenitibu!"

"Ndiyo. Naogopa, halafu naendesha."

Roscoe alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayakuwa ya kicheko peke yake. Mtu huyu alikaa kiti kile cha pembeni kila Jumanne akiogopa vilevile, na hakukosa hata siku moja. Shukrani ilimjaa kifuani. Akawasha gari.

Jumapili alipiga simu kutoka mlangoni mwa kanisa, Nashville, mjukuu begani.

"Nimefika, kaka. Ila njiani nimesimama mara mbili kutetemeka."

"Mbili tu?" Pruitt alisema. "Mimi ningesimama nne."