Pumzi Hamsini na Mbili

...kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja, fulana imepandishwa hadi kwapani, kifua kinapanda kinashuka, hakibonyei ndani, angalau hilo, ishirini na mbili, simu iko mezani inahesabu sekunde, mwongozo wa matibabu unataka dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili, ishirini na nne, na Bibi Ildefonsa, aliyembeba mjukuu mgongoni kutoka Kibimba kwa sababu mama mtu yuko kwenye kuchuma kahawa, ananitazama mimi, hamtazami mtoto, "Daktari, mbona humgusi? Unamwangalia tu kama televisheni," namwonyesha kiganja, subiri bibi, ishirini na saba, Ishimwe, miezi minane, anakohoa siku ya tatu, pumzi zikifika hamsini kwa dakika ni nimonia, anapata vidonge vya kuyeyusha, zikiwa arobaini na tisa ni mafua, ananyonyeshwa zaidi na kurudishwa baada ya siku mbili, pumzi moja tu katikati, ishirini na tisa, na mwongozo sasa ni amri, dawa ikitoka nje yake tunaandika maelezo wilayani, maana dawa zinazotolewa bila sababu ndizo zinazomaliza bajeti, hivyo alivyosema Bonaventura, bwana wa ukaguzi, hakuficha, hakusema ni kwa faida ya watoto, alisema bajeti, thelathini na moja, nami nikamchukia kwa neno hilo, nikasema moyoni, wewe hujawahi kumwambia mwanamke aliyetembea saa tatu arudi mikono mitupu... akafungua rejista yangu, akashusha kidole safu nzima ya pumzi, akatabasamu, "Dada Restuta, watoto wa huku wote wanapumua hamsini na mbili? Au wana mwalimu mmoja wa kwaya?" na Telesfori wa dirisha la dawa akacheka hadi akashika ukuta, nikacheka nami, ningefanyaje, sikuandika hamsini kamili kwa sababu hamsini ingeonekana ya kutunga, hamsini na mbili ilionekana imehesabiwa, mama anaingia, nagusa paji la uso, naandika, anaondoka anashukuru, miezi mingapi hivyo, nikaita huruma... thelathini na nne, au tano, na masika yale Leonidasi akaja na mwanawe Ntwari, huyo hakuhitaji simu wala kuhesabiwa, mbavu zilikuwa zinaingia ndani na pua zimetanuka, nikaenda dirishani mwenyewe kutafuta dozi ya kwanza ya kumpa kabla ya safari, Telesfori akainua boksi akalipindua, halina kitu, "Dokta, ulimaliza wewe na mafua yako," alikuwa anatania, hakuwa amemwona mtoto, tukamtafutia pikipiki ya kumpeleka hospitali, na jioni Leonidasi akapita tena na pikipiki ileile, amembeba vilevile, kafunikwa uso, akasimama mlangoni akasema asante daktari, umejitahidi... bajeti, alisema Bonaventura, kumbe bajeti ilikuwa lile boksi, na aliyelimaliza... pengine dozi moja isingemwokoa, sijui, sitajua, na mwongozo nao haujui kitu kuhusu njia ya kutoka Kibimba, hilo bado naliona, ikitoka arobaini na tisa huyu bibi atatembea mara mbili kwa pumzi moja, ngapi sasa, thelathini na... imenipotea, simu inalia, dakika imekwisha, kalamu iko mkononi na safu iko wazi, mkono unaijua namba kuliko mimi, "Zimefika ngapi?" Bibi Ildefonsa anauliza, "Nimepoteza hesabu, bibi," "Si uandike tu mwanangu, mtoto apate dawa, kwani karatasi itakuuliza?" na ananisogezea rejista kwa kidole kimoja, kwa upole, kama anayemsogezea mgeni chai, Telesfori kule dirishani anapanga vidonge, nasikia maboksi yanavyogusana, yamebaki machache, "Nahesabu upya bibi, mshike hivyohivyo," "Dakika nyingine? Haya, mwangalie, mtoto mwenyewe mzuri," naweka kalamu chini, narudisha simu kwenye sifuri, kifua kinapanda, kinashuka, moja, kinapanda, kinashuka, mbili, na kwa mara ya kwanza ndani ya chumba hiki siijui namba nitakayoiandika, tatu, nne...