Viti vya Safu ya Tatu

Ugomvi wangu na mdogo wangu juu ya gari ulianza kabla gari lenyewe halijanunuliwa. Yeye ni fundi wa breki. Karakana yake na ya kwangu zimetenganishwa na ukuta mmoja tu, na kazi yangu mimi ni kushona viti vya magari. Watu wananiita Mama Viti, nami naitika. Gari likiingia kwangu limechanikachanika ndani, linatoka linanukia upya, hata kama injini inakohoa. Injini ni shauri lake yeye.

Kuendesha najua. Nimeendesha karibu kila gari la mji huu, ila kutoka getini hadi kwenye cherehani yangu na kurudi. Leseni ninayo na sijawahi kuiacha ikafa. Gari langu mwenyewe ndilo lililokosekana. Mwanzo ilikuwa karo, kisha msiba wa baba watoto, kisha karo tena. Sasa watoto wote watatu wamesoma, wamepata kazi, wamekwenda zao, na mimi nimebaki na nyumba ya vyumba vinne na sufuria kubwa isiyoshuka kabatini. Hela ya gari ilipotimia, nikamwambia mdogo wangu nataka la viti saba.

"Saba vya nini, dada? Na uko peke yako?"

"Hesabu basi. Mimi. Kifunguamimba na mkewe. Pacha wao wawili. Binti yangu. Kitindamimba. Saba hao, au umesahau kuhesabu? Wakija mwisho wa mwaka nitawapokea kituoni kwa gari langu, wote kwa mpigo."

"Mwaka jana walikuja?"

Nikamkata jicho. Anajua vizuri hawakuja, na mwaka juzi pia hawakuja. Kila mwaka ni "mwaka huu lazima, mama," na kila mwaka jambo linazuka, na jambo lenyewe ni la kweli, sisemi wananidanganya. Mara kazi imebana, mara pacha wanaumwa, mara nauli imepanda. Mimi natandika vitanda vyote, halafu sikukuu zikipita navitandua. Hilo simwambii mtu.

"Mtu mmoja anayebeba sponji na majora ya ngozi bandia," mdogo wangu akaendelea, maana akianza haachi, "anahitaji gari dogo lenye mlango mpana nyuma na viti vya kulaza. Halili mafuta, unaegesha popote. Nunua gari la shida zako, dada."

"Wewe unazijua shida zangu?"

"Nisizijue nakaa wapi?"

"Basi huzijui," nikamwambia, nikarudi kwenye cherehani. Siku ile nilikunja sindano kwa hasira.

Jumamosi tukaenda yadi. Muuzaji alikuwa kijana wa tai na viatu vya kung'aa, na vumbi lote lile! Mdogo wangu akambatiza Mheshimiwa papo hapo. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

"Karibu, mama yangu, karibu sana mama yangu."

"Nina watoto watatu wananitosha," nikamwambia. "Nionyeshe magari."

Nikaona mdogo wangu anamkonyeza, na Mheshimiwa akatupeleka moja kwa moja kwenye gari dogo jeupe. Wameshapanga hawa! Nikaingia nikiwa nimevimba, lakini kusema uongo sitaki: lilinikaa. Mimi ni mfupi, magari ya watu siku zote naendesha nimekalia mto. Hiki kiti kilipandishwa, miguu ikafika pedeli, nikaona mbele vizuri. Viti vya nyuma nikavilaza kwa mkono mmoja. Jora zima la ngozi lingelala pale bila kukunjwa. Mdogo wangu akazama chini ya boneti, akatambaa hadi kwenye matairi, akaibuka na meno yote nje.

"Hili ni lako, dada. Limetengenezwa kwa ajili yako."

"Linanitosha mimi. Na wengine je?"

"Wengine wepi?"

Likamtoka. Nikaona usoni mwake kwamba alitamani alimeze tena, lakini lilikuwa limeshasemwa. Nikashuka, nikamgeukia Mheshimiwa. "Nionyeshe la viti saba."

Lilikuwa pembeni kabisa, la bluu iliyokoza, limeoshwa likaoshwa tena. Jamani, nililipenda! Nilisimama tu nikaliangalia. Niliwaona wote mle ndani: pacha nyuma kabisa wanagombania dirisha, mkwe wangu anawanyamazisha, binti yangu anacheka na mdogo wake, na kifunguamimba yuko mbele pembeni yangu anasema mama taratibu, na mimi namjibu nyamaza wewe, nani alimzaa mwenziwe? Niliwatamani wao. Sikuwa nalitamani gari.

Nikatoa simu, nikampigia kitindamimba. Yeye ndiye huwa anapokea upesi. Anafanya kazi maabara ya hospitali, mji ulio mwendo wa siku nzima kutoka hapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niko yadi na mjomba wako. Kuna moja hapa la viti saba, ungeliona!"

Akacheka. "Saba vya nini, mama? Chukua dogo, linakutosha."

"Na mkija?"

Nikasikia mashine za huko kwake zinavuma, na mtu anamwita kwa mbali.

"Tukija tutakodi, mama. Wewe chukua linalokutosha."

Linanitosha! Mwanangu wa mwisho, niliyemnyonyesha mpaka watu wakanisema, ananiambia kinachonitosha. Nikamwambia haya, baba, fanya kazi, nikakata simu. Nikamwambia Mheshimiwa, "Andika. Nalichukua hili."

Mdogo wangu akashika kichwa. "Dada, usinunue kwa hasira."

"Hela ni yangu, hasira ni yangu. Andika!"

Mheshimiwa akakimbilia ofisini kabla sijabadili mawazo. Lakini kazi ni kazi, bwana. Siwezi kununua gari bila kukagua viti vyake, ingekuwa aibu ya mwaka. Nikaanza na cha dereva. Kiti hakijui kuficha. Hiki kilikuwa kimelika upande wa mlangoni, sponji imebonyea: mtu mzito, mtu mzima, aliyekuwa anashuka kwa kujisukuma. Cha pembeni yake kilibonyea kidogo, katikati: mtu mwembamba, aliyekaa mahali hapo hapo miaka mingi bila kujigeuzageuza. Nikajisemea, mume na mke.

Nikapanda safu ya pili. Nikapitisha kidole kwenye mshono, pale mgongo wa kiti unapokutana na kikalio. Huko ndiko kunakokaa siri za familia. Kiti kilichokaliwa na watoto lazima kiwe na makombo ya biskuti, kifungo, kifuniko cha kalamu, peremende iliyoganda. Nimewahi kutoa jino la mtoto humo. Kidole kikatoka kisafi. Nikarudia upande wa pili, kisafi vilevile.

Nikainama kutazama safu ya tatu. Viti vya nyuma kabisa vilikuwa bado na nailoni ya kiwandani. Imekuwa ya manjano kwa uzee, imekakamaa, lakini haijatolewa hata pembe moja.

"Umeona hiyo?" Mheshimiwa alikuwa amerudi na karatasi zake, amejaa furaha. "Huko nyuma hakuna hata aliyewahi kukalia, mama yangu. Kupya kabisa!"

"Lilikuwa la nani?"

"La mzee mmoja na mkewe. Watu wastaarabu sana. Mzee amefariki, bibi ndiye kaliuza."

"Watoto wanao?"

"Wanao, wako mbali huko. Bibi alisema walinunua kubwa kwa ajili yao." Akagonga paa kwa kiganja. "Bahati yako, mama. Vya nyuma utavizindua wewe."

Nikapita katikati ya viti, nikaenda kukaa kule nyuma. Nailoni ikalia chini yangu. Nikalia na mimi, hapo hapo, mbele ya kijana wa watu mwenye tai, wala sikuona haya. Mheshimiwa akashika njia ya ofisini kimyakimya. Mdogo wangu akapanda, akajibana kando yangu na magoti yake marefu.

"Dada."

"Usiseme kitu."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akanisikiliza.

Nilikuwa namuwaza yule bibi. Naye alihesabu vidoleni kama mimi. Pengine mumewe alitaka kuitoa ile nailoni, akamwambia iache, wataitoa wajukuu wenyewe, watoto wanapenda kuchana. Wakaenda nalo sokoni, wakaenda nalo hospitali, wakarudi nalo, na nyuma yao viti vitano vitupu. Miaka yote hiyo gari lilikuwa na magurudumu manne na tangi la mafuta, na walilitumia kusubiri. Nikajipangusa macho kwa ncha ya mtandio, nikamsukuma mdogo wangu anipishe.

Mheshimiwa alikuwa mlangoni mwa ofisi, kalamu mkononi, hajui acheke au anipe pole.

"Lile jeupe," nikamwambia. "Lile dogo."

Mdogo wangu akafungua mdomo.

"Na wewe usijisifu," nikamwahi. "Silichukui kwa ajili ya sponji."

Walipokuwa wanahangaika na karatasi, nikaenda kukaa kwenye usukani wa gari langu. Nikapiga tena simu. Safari hii kitindamimba hakupokea upesi, na alipopokea sauti yake ilikuwa ya woga.

"Mama, umekasirika?"

"Unakaa wapi?"

"Vipi, mama?"

"Nimekuuliza unakaa wapi. Nimekuzaa, nimekulea, na sijui unapolala panafananaje. Nielekeze."

"Unataka kutuma mzigo?"

"Mzigo ni mimi. Nakuja. Nikitoka kwako nakwenda kwa dada yako, na kaka yako ajiandae, zamu yake inakuja."

"Mama, ni mbali."

"Nimekuuliza umbali mimi?"

Nikasikia anavuta pumzi puani, vile vile alivyokuwa akifanya utotoni akijificha chini ya meza ili nisijue kwamba analia.

"Ukishavuka daraja kubwa," akasema taratibu, "utaona kituo cha mafuta mkono wa kulia. Usikate kona hapo, mama, wengi wanapotea hapo. Nyoosha mbele kidogo mpaka kwenye duka la vioo, lina bati jekundu." Sauti ikamkatika, akaikusanya tena. "Au basi, usihangaike na bati. Nitasimama pale barabarani. Hata ukichelewa, mama, utanikuta nimesimama."