Upepo Kwenye Pampu

Masikio yangu yalianza kunitoroka mwaka juzi, na mtu wa kwanza niliyeapa asijue ni mke wangu. Si kwamba simwamini. Ni kwamba mimi ndiye fundi wa mashine, na mashine yetu ya kuosha mazulia, iliyofungwa nyuma ya gari, nimeitibu kwa kuisikiliza miaka ishirini na miwili. Nikishasema sisikii, atanitoa garini kwa ule upole wake, anitafutie kiti kizuri barazani, na kukaa barazani mimi siwezi. Bora nife nimeshika spana.

Sauti nene bado nazipata. Injini naisikia, ngurumo naisikia, mwanamume mwenzangu akinitukana namsikia vizuri sana. Zilizoniacha ni zile nyembamba: ndege, simu, maji yakichemka, na wanawake nisipoiona midomo yao. Daktari alinipima, akasema nahitaji kifaa cha kuvaa sikioni, nikamwambia nitafikiria. Nilifikiria mpaka kwenye ngazi za hospitali, basi.

Jumamosi hiyo tulikuwa nyumbani kwa mwalimu mmoja, mama wa makamo. Baba yake alikuwa anaruhusiwa kutoka hospitali, na kifua cha mzee hakitaki vumbi, kwa hiyo zulia la chumba chake lilitakiwa liwe safi na kavu kabla ya saa tisa. Kazi ya kawaida. Mpira mwembamba unatoka kwenye bomba la mwenye nyumba hadi kwenye tangi letu dogo garini. Pampu inavuta maji humo, inayasukuma yakapate moto, kisha yanakwenda kwa mpira mrefu hadi mkononi mwa mke wangu, ambaye ndiye anayepitisha chuma cha kuoshea juu ya zulia. Yeye ndani, mimi nje na mashine. Ndivyo tulivyogawana tangu tuanze, na hatujawahi kugombana juu ya hilo, ingawa mengine yote tumegombania.

Haikupita nusu saa, mpira ukavutwa mara tatu. Hiyo ni ishara yetu: mara moja zima, mara mbili ongeza, mara tatu njoo. Aliianzisha yeye mwaka jana, eti amechoka kupiga kelele kwenye nyumba za watu. Nikaona ni wazo la maana, nikakubali.

Nilimkuta amesimama katikati ya chumba. Akangoja nifike mbele yake ndipo akasema, "Maji yanakuja yanakata. Yanapiga chafya."

"Nozeli zimeziba," nikasema.

Nikazifungua kwenye ncha ya chuma, nikazipuliza moja moja. Safi. Nikarudi garini nikatazama geji ya presha, mshale unatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikafungua chujio, safi. Tangi limejaa, boya linaelea lilivyotakiwa. Mkanda wa pampu umekaza. Nilipoona nimemaliza vyangu vyote, nikamgeukia mwenye nyumba.

"Mwalimu, haya maji yenu yana matatizo."

"Baba, tunayanywa," akasema.

Nikachukua kipande changu cha mpira, urefu wa mkono, ambacho kila aliyewahi kufanya kazi nami anakijua. Ncha moja sikioni, nyingine naipitisha polepole juu ya pampu na mabomba yake, injini nimeipunguza. Pampu ikiwa mgonjwa husema yenyewe. Ikigonga ni beringi, ikilia kwa mluzi inavuta upepo. Nikapita mwanzo hadi mwisho, wanawake wawili wamesimama mlangoni wananitazama.

"Nzima kabisa," nikatangaza. "Kimya kama mtoto aliyelala."

Mwalimu akainua kichwa, akasema kitu, akaingia ndani haraka haraka. Mke wangu akaja karibu.

"Hebu sikiliza tena."

"Nimesikiliza."

"Sikiliza tena, mzee wangu."

Hapo nikapandwa. Nikamuuliza tangu lini amekuwa fundi. Nikamwambia pampu hii naijua kuliko ninavyomjua yeye, na kwamba kama anataka kuitibu basi spana hizo hapo, mimi nitakwenda kulala. Maneno ya kipuuzi, na nilijua ni ya kipuuzi yakiwa bado mdomoni. Saa sita ilishapita. Zulia la watu limelowa nusu, mgonjwa yuko njiani, na mimi nagombana na mke wangu barabarani.

Aliinama akabana kwa kidole gumba mpira mfupi unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu, pale penye kibano kinachoushika. Mshale wa geji ukasimama wima. Akaachia, ukatetemeka. Akabana tena, ukatulia, huku ananitazama usoni bila ushindi wowote.

Palikuwa na ufa. Mdogo, mfupi kama ukucha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaza kibano hicho jana yake kwa nguvu za hasira, kikakata mpira, na pampu ilikuwa inavuta upepo pamoja na maji. Nilikuwa nimepitisha sikio langu juu ya ufa huo huo.

Mwalimu akatoka. "Ajabu," akasema, "nilidhani nimesahau birika jikoni. Kumbe mluzi unatoka huku kwenu."

Basi hata mwalimu wa watu alikuwa ameusikia, tena akiwa mlangoni. Nilisubiri mke wangu aseme kitu mbele yake. Alichosema ni kwamba tutamaliza kwa wakati, mwalimu asiwe na wasiwasi, na mwalimu akarudi ndani.

Nilikaa kwenye ubao wa nyuma wa gari. Nikampa kile kipande cha mpira.

"Pampu inasemaje?" nikamuuliza.

Akakiweka sikioni, ingawa hakukihitaji. "Inapiga mluzi. Mwembamba, hauachi."

"Mimi sisikii," nikasema. "Sisikii kitu, mama watoto."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Unadhani kwa nini nilianza kuvuta mpira?"

Mwaka mzima. Mwaka mzima mwanamke huyu alikuwa anavuta mpira, anangoja nifike mbele yake ndipo aongee, anapokea simu zangu akidai niko chini ya gari, ili mimi nijione bado fundi. Na mimi nikijisifu moyoni kwamba nimemficha. Niliona haya, na nilimpenda zaidi.

"Utaniondoa garini?" nikamuuliza.

"Nani atabeba mipira? Mimi?" Akanipa kisu. "Kata hapo, mzee wangu, saa inakwenda."

Nikakata ncha mbovu, nikaurudisha mpira, nikafunga kibano kipya bila hasira. Maji yakaenda sawasawa. Halafu nikamwambia yeye akae na mashine, asikilize, mimi nikapitishe chuma ndani.

"Na mgongo wako?"

"Mgongo wangu unasikia vizuri."

Alicheka, nikaona meno. Saa nane tulikuwa tumemaliza, feni zinapuliza, zulia limerudi rangi yake ya zamani. Tukakunja mipira. Nilijiona mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo, na kwa wepesi huo nikauliza nilichopaswa kuuliza zamani.

"Nini kingine sikisikii?"

Akaanza kuhesabu. Kengele ya mlango. Mvua ikianza. Redio, naifungulia mpaka mwisho, ndiyo maana majirani wanaijua taarifa ya habari kabla yetu. Kisha akawa anafuta mikono ambayo ilishakauka.

"Sema."

"Mtoto," akasema.

Ni mjukuu wetu, wa binti yetu, tunaishi naye, hajatimiza miaka miwili. Mimi nilishajiambia kwamba mtoto yule hanipendi. Husogea nyuma ya kiti changu jioni, husimama kidogo, halafu huondoka.

"Anakuita," mke wangu akasema. "Kila jioni. Anaita mara tatu, mara nne, halafu anachoka."

"Tangu lini?"

"Mwezi sasa."

Tukarudi nyumbani. Aliendesha yeye. Tulipofika nikavua viatu, nikakaa sakafuni sebuleni, nimeuelekea mlango. Mtoto akaja, akasimama, akanitazama kwa wasiwasi. Midomo yake ikafumba na kufumbuka, mara mbili. Sauti sikuipata.

"Naam," nikaitika. "Naam, mjukuu wangu."

Akaita tena, nikaitika. Akaita tena. Jumatatu asubuhi, daktari alinikuta mlangoni kwake.